Azimio la Musoma na barua ya tabia njema



Ijumaa moja baada ya swala, hapa mjini Musoma, kijana mmoja alinifuata nje ya msikiti wakati watu wakitafuta viatu vyao. Akajitambulisha kuwa anasoma katika chuo kimoja cha mkoa huu wa Mara. Jina la chuo nalihifadhi, na la kwake pia. Akasema, "Ustadhi, nina swali, lakini nisingependa watu walisikie." Tukasogea pembeni, chini ya mwarobaini.

Kisa chake ni kifupi. Wanafunzi wa bweni lao walichangishwa fedha za kutengeneza pampu ya maji. Muhula ukaisha na pampu haikutengenezwa, wakaendelea kubeba ndoo. Naye akaandika katika kundi la WhatsApp la darasa lao sentensi mbili. Ya kwanza iliuliza fedha zetu ziko wapi. Ya pili ilisema fulani amezila. Siku ya pili yake akaitwa ofisini. Hakupigwa wala hakutukanwa. Aliambiwa tu, kwa sauti ya upole, kwamba ipo siku ataomba kazi na atahitaji barua ya tabia njema, na kwamba wanaoandika barua hizo hawasahau majina.

Alipompigia simu baba yake, mzee akamjibu, "Mwanangu, nyamaza umalize." Na swali lake kwangu likawa hili: je, akinyamaza, kidini ana dhambi?

Nilimwomba anipe wiki moja. Makala haya ndiyo jibu, na nimeona niliandike gazetini kwa sababu najua hayuko peke yake. Wako wenzake katika vyuo vya hapa Musoma, wako Bunda kwenye chuo cha ualimu, na wako watoto wetu tuliowapeleka Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro. Tena swali hilo, ukilitazama vizuri, lina historia yake katika mkoa huu huu.

Tuanzie Butiama. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito, Kambarage, alitoka Butiama akaja kuanza shule Mwisenge, hapa mjini. Kutoka Mwisenge akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Je, alipofika chuoni alinyamaza amalize? La. Yeye na wenzake, Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, waliunda umoja wa wanafunzi wa Kitanganyika ambao baadaye ukawa tawi la TAA pale Makerere. Mmoja Mwislamu wa Tanga, wawili Wakristo wa bara, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe anaswali wapi. Akaandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akimtumia mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, ikapata tuzo. Fikiria, ndugu msomaji: mwanafunzi wa miaka ishirini na kidogo, anasomeshwa na serikali ya kikoloni, anajadili mila za kwao na siasa za nchi yake kwa maandishi, na hafukuzwi.

Aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akafundisha Pugu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ikatoa waraka kuwazuia watumishi wake kujiunga na TAA. Mwaka 1955, aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa, Nyerere aliambiwa na wakuu wa shule achague moja, ualimu au siasa. Akaacha kazi. Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyejua kwa ngozi yake mwenyewe maana ya kuambiwa "angalia kazi yako". Nayasema haya mapema ili yatakayofuata yasisomwe kama matusi kwa marehemu. Amezikwa Mwitongo, katika mkoa huu huu, na heshima yake iko pale pale.

Sasa twende tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilipitisha utaratibu kwamba wahitimu wa vyuo watumikie taifa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki wakiwa kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Mlimani, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, wakavaa majoho yao, wakabeba mabango ya Kiingereza, wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilisema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu akawasikiliza. Alipojibu alikuwa amekasirika. Akasema mishahara ni mikubwa mno, ya kwao na ya kwake, na papo hapo akatangaza kuupunguza wake kwa asilimia 20. Kisha karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao chini ya ulinzi. Wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, na baadhi ya vijana wale walikuja kuwa viongozi wakubwa. Marehemu Samuel Sitta, aliyekuwa Spika wa Bunge, alikuwa miongoni mwao.

Mimi naona vijana wale walikosea. Nchi ilikuwa maskini, wazazi wao walikuwa wakilipa kodi kwa jembe la mkono, na wao wanalilia mshahara ambao hawajaanza kuupata. Lakini tazama kilichozaliwa na kosa hilo. Wasingeandamana, Rais asingeulizwa hadharani habari ya mishahara ya wakubwa, na huenda asingeukata wa kwake siku ile. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi. Sisemi kuwa wanafunzi ndio walioliandika. Nasema kauli yao, ijapokuwa ya ubinafsi, ilimfanya mkubwa ajitazame.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunadhani haki ya kijana kusema inatokana na kuwa sahihi. Akipatia, asikilizwe, akikosea, afungwe mdomo. Wanafunzi wa sira wanajua kisa cha Uhud. Mtume (s.a.w) rai yake ilikuwa kubakia Madina na kuupigania mji kutokea ndani. Vijana, hasa wale ambao hawakuwahi kufika Badr, wakataka kutoka. Akawafuata wao. Matokeo yake mnayajua: masahaba wapatao 70 waliuawa, akiwemo ami yake, Hamza, na yeye mwenyewe akajeruhiwa. Ni kweli kilichowavunja ni wapiga mishale kuuacha mlima, lakini ingekuwa sisi tungesema, "Mnaona? Haya ndiyo matunda ya kuwasikiliza watoto." Aya iliyoteremka baada ya msiba ule, Suratu Aal Imran aya ya 159, inamwamrisha Mtume awasamehe na aendelee kushauriana nao. Haikusema shura ifungwe mpaka vijana wakomae. Nimewahi kulisikia somo la Uhud mara nyingi katika darsa zetu, na mara zote msisitizo ni wapiga mishale na utii. Hii ya shura tunaipita haraka sijui kwa nini, au pengine najua.

Tuendelee. Mlimani hapakutulia. Mwaka 1970 umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, ulipigwa marufuku pamoja na gazeti lake, Cheche. Kumbuka hawa hawakuwa wapinzani wa Ujamaa. Kosa lao lilikuwa kuutaka zaidi ya Serikali yenyewe. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alitolewa chuoni na polisi wenye silaha na kurudishwa kwao, baada ya barua ya wazi iliyolalamikia uendeshaji wa chuo.

Ndipo tunapofika Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa mjini kwetu ikatoa kile kinachoitwa Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa jambo moja zuri, nalo ni Elimu ya Msingi kwa Wote ifikapo 1977, badala ya kungoja mwaka 1989. Mimi mwenyewe nawajua wazee wa Nyasho na Makoko ambao wasingejua kusoma bila azimio hilo. Lakini lilikuwa na sehemu ya pili. Kijana akimaliza kidato cha sita hatakwenda tena moja kwa moja Chuo Kikuu. Atakwenda JKT, kisha atafanya kazi isiyopungua miaka miwili, ndipo aombe nafasi, akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama.

Nia yake haikuwa mbaya. Walitaka msomi aliyeshika jembe, ajue maisha ya mkulima kabla hajaketi kwenye kiti cha kuzunguka. Walitaka pia watu wazima wenye uzoefu wapate mlango. Ila fikiria ile karatasi ya mapendekezo. Kuanzia hapo masomo ya kijana yakawa mkononi mwa mtu anayeandika kuhusu mwenendo wake. Bosi wako akiiba nondo, utasema? Katibu wa tawi akigawa sukari kwa kujuana, utauliza? Miaka miwili mizima kijana mwenye akili zake anajifunza somo moja tu, kwamba anayeandika barua anakumbuka majina. Wasichana walipungua sana vyuoni, hata baada ya muda mfupi wakaondolewa sharti la kusubiri, na katikati ya miaka ya 80 utaratibu wenyewe ukalegezwa kwa wote.

Je, chujio hilo lilileta chuo kilichonyamaza? Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena. Safari hii hawakudai mshahara wao. Walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakisema inakwenda kinyume na Azimio la Arusha. Yaani waliyachukua maneno ya Mwalimu mwenyewe wakamsomea. Na wengi wao walikuwa wameingia chuoni kwa njia ya Musoma, wamepita JKT, wamefanya kazi, wamependekezwa na Chama. Polisi wakawazuia, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Umoja wao, DUSO, ukaondolewa, na mahali pake pakawekwa MUWATA iliyokuwa chini ya vijana wa Chama.

Ndugu msomaji, iweke miaka hiyo miwili bega kwa bega. Mwaka 1966 vijana walidai maslahi yao, wakafukuzwa. Mwaka 1978 vijana walitetea maslahi ya wakulima dhidi ya wakubwa, wakafukuzwa. Waliokosea na waliopatia wamepata adhabu ile ile. Basi adhabu haikuwa kwa sababu ya kosa. Ilikuwa kwa sababu ya kusema. Na kijana yule wa chini ya mwarobaini amegusa hapo hapo, kwa sababu pale ofisini hakuna aliyemwonyesha risiti ya pampu ili kumthibitishia kuwa amekosea.

Wapo watakaodhani naikusudia serikali ya mtu mmoja, na kwamba akija wa kwetu mambo hubadilika. Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa baada ya mgomo, wanafunzi wakakaa nyumbani mpaka Januari 1991. Rais wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu, mtu mpole ambaye aliwafungulia Watanzania mengi. Dini ya kiongozi haimlindi mwanafunzi.

Nasi wenyewe je? Vijana wasomi wa Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, ambao mizizi yao ilikuwa katika Chuo Kikuu, walianza kuzungumza habari ya elimu ya Waislamu na kuzisimamia shule, na mwaka 1982 BAKWATA ikawafukuza. Hiyo ni taasisi yetu. Na leo katika jumuiya zetu za wanafunzi, kijana akiuliza hesabu za safari ya dawah au za iftar ya Ramadhani, mara ngapi anaambiwa ana ugonjwa moyoni, au analeta fitna? Nimekaa katika kamati za msikiti miaka mingi. Nayajua maneno hayo kwa sababu na mimi niliwahi kuyatumia, na hesabu yenyewe siku ile haikuwa safi.

Baba wa kijana ana hoja, nami siidharau. Mwaka 2018, mwezi Februari, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa chama. Hakuwa hata katika maandamano. Mwezi uliofuata Abdul Nondo, kiongozi wa mtandao wa wanafunzi aliyepaza sauti juu ya kifo hicho, alitoweka na kuonekana Mafinga. Badala ya watekaji kutafutwa, akashitakiwa yeye kwa kutoa taarifa za uongo, na masomo yake yakasimamishwa mpaka mahakama ilipomwachia Novemba mwaka huo. Na juzi juzi tu, siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa, watu wakafa, ikalazimu kuundwa Tume ya kuchunguza. Mzazi aliyeyaona hayo akimwambia mwanawe anyamaze, hasemi kwa unafiki. Anasema kwa sababu anataka mtoto arudi nyumbani.

Ila nami nimwulize mzee mwenzangu: wale wa barabarani walijifunza wapi kusema? Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani uliwahi kujaa wanafunzi na wahadhiri wakibishana usiku kucha, Walter Rodney akiwa mmojawapo, na mtu akitoka pale ameshindwa hoja, hakuchoma kitu, alikwenda maktaba. Kijana asiyepata pa kuulizia fedha za pampu akiwa na miaka 20, atauliza mambo makubwa zaidi akiwa na 25, na hatajua namna nyingine isipokuwa kupiga kelele.

Sasa nimjibu kijana mwenyewe.

Kwanza, ile sentensi yako ya pili, kwamba fulani amezila, umeitoa wapi? Suratul Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwaumiza watu kwa ujinga, na aya ya 12 inakataza dhana. Huna ushahidi kuwa amezila. Huenda fundi ndiye aliyekimbia nazo. Rudi katika kundi lile lile, mbele ya wale wale, uifute na uombe radhi. Kuomba radhi pembeni hakutoshi kwa tuhuma uliyoitoa hadharani.

Sentensi ya kwanza usiifute. Ni mali yako na wenzako, na Suratun Nisaa aya ya 148 imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutamka ubaya hadharani. Wewe hata ubaya hujatamka, umeuliza tu. Katiba ya nchi, ibara ya 18, inakupa uhuru wa kutoa maoni na wa kutafuta habari, na ibara ya 21 inakupa haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayokuhusu. Hazikusema "isipokuwa wanafunzi".

Lakini achana na WhatsApp. Pale maneno hupotea baada ya saa moja, yanabaki majina tu kwa wanaoyatafuta. Andika barua kwa serikali yenu ya wanafunzi, nakala kwa mkuu wa chuo, ukurasa mmoja. Taja kiasi mlichotoa na tarehe. Omba vitu vitatu: jumla iliyokusanywa, gharama aliyotaja fundi, na risiti. Usiandike peke yako. Ipeleke kwa masjala igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala yenye muhuri. Barua ya watu wengi haina jina moja la kukumbukwa.

Na ukienda likizo kwenu Butiama, usikae kijiweni kulaumu siasa. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kwa sheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Vijana wengi wa vyuo hawajawahi kuhudhuria hata mmoja. Nenda, kaa nyuma, waache wazee waanze, kisha nyoosha mkono uulize kuhusu tarakimu moja tu. Kwa mwanafunzi, hilo ni darasa ambalo chuo hakitakupa.

Kuhusu dhambi ya kunyamaza: anayeogopa kweli kwa nafsi yake ana udhuru, na Mwenyezi Mungu anajua kiasi cha hofu ya kila mtu. Mimi siwezi kukupimia. Ila hofu yako ni ya barua ya tabia, si ya risasi. Udhuru wa mmoja usichukuliwe na mwingine.

Kijana alirudi wiki iliyofuata na rasimu. Nikamwambia afute mistari miwili ya hasira. Mmoja akaufuta. Wa pili, uliosema kwamba wasichana wa bweni la jirani nao walichangishwa na hawana maji vilevile, akakataa kuufuta, akasema huo si hasira. Nikausoma tena nikaona yeye ndiye aliyepatia. Wenzake 11 walisaini, watano wakiwa wasichana. Radhi aliiomba katika kundi, na aliyetuhumiwa akaipokea. Barua ina muhuri wa masjala, nakala iko kwake. Hadi ninapoandika haya majibu hayajatoka, na pampu bado.